Vifungo Thelathini vya Waso

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, hapa Dubai, hakuna kitu kilichonitisha kama mwezi mpevu wa Julai. Hofu hiyo nilipewa na mtu aliyenipenda.

Anti Mya, Mburma, alishona nguo na mama katika duka moja la Satwa, na tulikaa naye chumba kimoja. Alihesabu miezi ya dini yake ya Kibudha kwa vifungo alivyovishona kwenye kitambaa: safu ya ishirini na tisa, safu ya thelathini, tena ishirini na tisa. Mimi nilimtungia uzi kwenye sindano. Aliniambia kwamba mwezi wa nne, Waso, ukishapevuka, watawa hutulia mahali pamoja miezi mitatu ya mvua. Kijijini kwao hata watu wa kawaida hawahami nyumba. Anayehama humpoteza mmoja wa nyumbani.

Dubai mvua yenyewe iko wapi? Niliamini hata hivyo.

Mwaka huo mwenye nyumba akatutaka tutoke kabla ya Ijumaa. Mama alikuwa na mimba ya miezi minane, miguu imevimba. Nilikimbilia kitambaa, nikahesabu. Waso ulikuwa umepevuka juzi. Nikajua mama atakufa.

Pikapu ilipofika nilijifungia bafuni.

“Zuhura, fungua! Dereva ataniacha na masufuria barabarani!”

“Sitoki! Ukihama utakufa!”

Mama akacheka kwa uchovu. “Mya, umemlisha nini mtoto wangu?”

Anti Mya hakucheka. Nilimsikia akikaa sakafuni, nyuma ya mlango.

“Umekosea hesabu, mwanangu. Mwaka wa mwezi umepungua siku kumi na moja kwa ule wa jua. Nyinyi Waislamu mnauacha ukimbie, ndiyo maana Ramadhani yenu inazunguka. Sisi tunauzuia. Siku zikilimbikizana zikafika kama mwezi, Waso unarudiwa. Mwaka huu iko miwili. Huu ni wa kwanza, hauna mwiko.”

“Mbona hukuushona?”

“Nilisahau. Ngoja.”

Nje dereva alipiga honi. “Yalla, yalla!”

“Khalas, subiri!” mama akamjibu.

Uzi wenye vifungo ukapenya chini ya mlango. Nilivihesabu mara mbili, machozi yakinidondokea mikononi. Thelathini. Nikafungua.

Tulihamia mtaa wa International City. Mdogo wangu alizaliwa salama, na mama yu hai mpaka leo, ananigombeza ninavyomfunga mwanangu nepi. Anti Mya alirudi kwao, tukapotezana.

Mwaka jana nilimsimulia kisa hiki dada mmoja Mburma ninayefanya naye kazi. Akatafuta kalenda ya mwaka ule kwenye simu yake, akaangalia, akaangalia tena.

“Waso ulikuwa mmoja tu,” alisema.

Ndipo nilipomwona upya Anti Mya siku ile, akibeba godoro letu huku akisimama kila hatua chache. Nilidhani ni uzito. Yeye aliuamini mwiko ule kuliko mimi, na yeye pia alikuwa anahama. Alinitoa hofu yangu akabaki nayo peke yake, miezi yote mitatu, akishtuka kila mama alipokohoa.