Gemu Isiyomtapisha Mama Mkwe

Mimi ni mtu wa kutapika. Nasema mapema ili asije mtu akashangaa huko mbele. Basi linanitapisha, lori linanitapisha, na pembea ya shuleni kwetu Mapera ilinitapisha mpaka mwalimu akanipa kazi ya kusimama pembeni na kuhesabu zamu za wenzangu. Watu wakiniona nimeshika mfuko wa nailoni mtupu walijua huyo anasafiri. Kwa hiyo niliposema naolewa ziwani, ndugu zangu walicheka mpaka wakakaa chini.

Ilikuwa miaka ile biashara imeachiwa huru. Wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wanapanda milimani na magari yao, mitumba imejaa mnadani, na vijana wa ziwani wanapandisha usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, kuja kubadilishana na maharage yetu. Mmoja wao ndiye aliyekuwa mume wangu. Mimi Mkatoliki wa milimani, yeye Mwanglikana wa Lundo. Mapadri wa pande zote mbili walisumbuka nasi sana, lakini hayo tuyaache.

Siku ya kupelekwa ukweni tulishuka na lori mpaka Mbamba Bay. Kona zote za ile barabara niliziachia kitu. Kisha tukapanda boti ya injini kwenda Lundo, na mwera, ule upepo mkali wa kusini, ulikuwa unavuma. Nilitapika majini, nikatapika kwenye kitenge changu kipya, nikamtapikia shemeji yangu viatu. Tulipofika ufukweni wanawake wa ukoo walikuwa wamejipanga wanapiga vigelegele, na waliponiona, vigelegele vikakatika. Nikamsikia mmoja ananong'ona, "Kumbe ameshabeba mimba!" Nilipiga magoti mchangani mbele ya mama mkwe wangu, nikasema, "Shikamoo, mama," halafu nikageuza uso nikatapika tena.

Yule mama, Mungu amzidishie, hakurudi nyuma hata hatua moja. Alinifuta mdomo kwa pindo la kanga yake, akawageukia wenzake. "Hajabeba kitu huyu. Ni maji tu yamemshinda. Haya, pigeni vigelegele, mbona mmenyamaza?" Kisha akanikalisha juu ya jiwe, akaninyooshea kidole milima ya ng'ambo, upande wa Malawi. "Tazama kile kisichotikisika," akaniambia. "Usigeuze shingo. Na usiongee." Nikatazama, na baada ya muda tumbo likatulia.

Tangu siku hiyo sikupanda tena boti nikiwa naye. Kila tulipokwenda sokoni Mbamba Bay wenzetu walipakia vitu vyao na kuondoka, yeye akajitwika kapu na kusema, "Sisi tunatembea." Tulitoka alfajiri tukapita njia ya ufukweni, tukafika jua limeshapanda na miguu imejaa vumbi, wenzetu wameshauza nusu ya vitu. Alifanya hivyo miaka na miaka, mpaka mimi na mume wangu tukahamia Mbinga mjini. Hakunieleza kwa nini. Mimi nilidhani anapenda kutembea.

Sasa nije kwenye gemu.

Mama mkwe alikuwa ameshazeeka, na mume wangu ameshatangulia mbele ya haki, alipoteleza kwenye mawe ya kuoshea vyombo na kuvunjika nyonga. Tulimpandisha Mbinga, akafanyiwa upasuaji, nikamchukua nyumbani kwangu. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimwambia bila kumficha: akiweza kukaa kitini muda wa saa mbili mfululizo atashuka kwake, asipoweza gari litamuumiza. Basi kazi ikawa ni kukaa tu. Na mama mkwe akakataa kukaa. Dakika tano, anadai kitanda.

"Nikae nitazame nini?" alikuwa ananiuliza. Dirisha langu linaonyesha kilima chenye kahawa, na nyuma yake kilima kingine. "Hapa kwenu macho yanagonga ukuta." Uji alikunywa kwa kubembelezwa. Kila asubuhi aliuliza, "Nashuka lini?" nami nikajibu, "Karibuni, mama," huku najua ninamdanganya. Nilikuwa naogopa, nisifiche. Niliogopa atafia pale, ametazama kahawa yangu, na nitamshusha ziwani akiwa ndani ya sanduku.

Hapo ndipo binti yangu, anayefanya kazi Dar es Salaam, alipokuja likizo na ile miwani. Rafiki yake alikuwa anahama nchi akamwachia. Wenyewe wanaiita viaa, redioni wanasema uhalisia pepe, mimi naiita miwani basi, ingawa ukiivaa unafanana na fundi wa kuchomea vyuma. Unashika vishikio viwili mikononi, na ghafla sebule haipo tena, kuna dunia nyingine mbele, nyuma na juu.

"Mama, Bibi akivaa hii atakaa kitini mwenyewe," binti akasema. "Hatajua hata kama muda unapita. Ila wengine wakianza huwa wanapata kichefuchefu, kwa hiyo lazima tumchagulie gemu. Utaanza kuzijaribu wewe. Ukipona wewe, hakuna atakayeumwa."

Mtoto wa kumzaa mwenyewe!

Nikajaribu. Gemu ya mashindano ya magari niliiacha kabla ya kona ya kwanza. Ya ndege ilinipeleka moja kwa moja kwenye beseni. Kulikuwa na nyingine ya kutembea ndani ya jumba la mawe kwa kusukuma kijiti kwa dole gumba. Nikadhani kutembea tu kuna shida gani, lo! Hiyo ndiyo ilikuwa mbaya kuliko zote. Miguu iko kwenye sakafu yangu ya saruji imetulia, macho yanakwenda zake. Nililala mchana kutwa na kitambaa chenye maji usoni.

Mwisho tukabaki na gemu ya mtumbwi. Unapiga kasia kwenye ziwa lililotulia, milima pembeni, ndege wanapita. Mimi ilinizungusha kidogo, lakini nikamwambia binti, "Mimi ni mimi. Bibi yako amekulia ndani ya mtumbwi. Maji hayajamgeuza tumbo hata siku moja." Binti akaniunga mkono. Watu wazima wawili wenye akili zetu, tukaona hapo tumepatia.

Tulimkalisha mama mkwe, tukamvika. "Eeh! Maji!" akasema, na akacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia kwa miezi. Akapiga kasia mara ya kwanza, mara ya pili. Halafu nikaona anaegemea upande, kama mtu aliyezoea mtumbwi anavyoegemea ili mtumbwi umjibu, na kiti changu hakikumjibu kitu. Akaegemea upande wa pili. Kicheko kikaisha. "Huu mtumbwi hauna uzito," akasema taratibu, na uji wote aliokunywa asubuhi kwa kubembelezwa ukatoka.

"Ondoeni uchawi wenu," akatuambia. Akarudi kitandani, akageukia ukutani. Siku mbili hakukaa kabisa. Siku ya tatu asubuhi nilimpelekea maji ya kunawa, nikasubiri aniulize lini anashuka. Hakuuliza. Hilo ndilo lililonitisha kuliko kutapika kwake.

Nilimfokea binti yangu jikoni, naye akanifokea, kisha nikaendelea kujifokea mwenyewe huku nachambua maharage. Na katika kuchambua ndipo nikalikumbuka lile jiwe la Lundo. Nikajiona mjinga. Mtumbwi wa kweli unatikisa macho na mwili pamoja. Huu wa miwani ulitikisa macho tu, mwili umeachwa sebuleni. Mwili wa mama mkwe ulikuwa unasubiri wimbi lisilokuja. Kumbe kuyazoea maji ndiko kulikomponza.

"Futa zote zinazomtembeza mtu," nikamwambia binti. "Magari, ndege, mitumbwi, futa. Nitafutie gemu ya mtu aliyekaa. Pale alipokaa pasitikisike, cha mbali kisisogee, na asilazimike kugeuza shingo huku na huku. Na tutamvua kabla hajajisikia vibaya, siyo baada."

"Mama, hayo umesoma wapi?"

"Nimefundishwa na bibi yako, kabla hujazaliwa."

Tulitafuta siku kadhaa, bando zikaisha tukanunua nyingine. Tulipata moja ambayo umesimama pale pale na mipira inakujia unaipiga. Tumbo langu halikulalamika, lakini nilimjua mama mkwe, angeuliza mipira imemkosea nini. Kisha tukapata ya kuvua samaki. Umekaa juu ya jiwe kando ya maji, fimbo ya ndoana mkononi, ng'ambo kuna milima, na hiyo milima haiendi popote. Nilikaa robo saa nzima. Nilipoivua miwani nilikuwa na njaa. Katika maisha yangu sijawahi kushuka kwenye chombo chochote nikiwa na njaa.

Nikaenda kupiga magoti kando ya kitanda. "Mama, safari hii hatupandi chombo. Tunakaa kwenye jiwe."

Aligeuka kutoka ukutani. "Jiwe?"

"Jiwe, mama. Utatazama kisichotikisika. Usigeuze shingo."

"Na usiongee," akamalizia yeye. Akanyoosha mkono nimwinue.

Siku hiyo tulimpa dakika tano kwa saa ya ukutani, nami nimemshika bega muda wote, beseni liko miguuni. Samaki wa kwanza aliponasa, mama mkwe alipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. "Samaki gani huyu? Si mbasa, si mbelele. Mrudisheni, hana ukoo!" Lakini hakumrudisha. "Maisha yangu yote nimepara samaki waliovuliwa na wanaume," akasema, "leo navua mwenyewe." Tulipomvua miwani alikasirika. Beseni lilikuwa kavu, na usiku alikula ugali.

Kesho yake alidai dakika kumi, keshokutwa akaacha kuhesabu. Nikichelewa shambani nilikuta ananisubiri kitini, amenuna, "Samaki wanaondoka wewe unapalilia." Binti alirudi kazini akatuachia miwani. Mtaalamu wa mazoezi alipokuja alikuta mgonjwa wake amekaa wima kama mwenyekiti wa mkutano. Baadaye ikawa anavua miwani katikati na kuiweka mapajani, anaendelea kukaa, ananisimulia samaki wa kweli na watu waliowavua, mpaka saa mbili zinapita hatuna habari. Nilimshukuru Mungu, nikamshukuru binti yangu kwa simu huku nalia, nikamshukuru hata huyo nisiyemjua aliyekaa mahali akalitengeneza lile jiwe.

Ruhusa ikatoka. Shemeji yangu, yule wa viatu, alikuja na gari kumchukua mama yake. Siku hizi barabara ni lami tupu, lakini kona ni zile zile, hakuna aliyezinyoosha. Mama mkwe alikaa mbele na magongo yake mawili, mimi nyuma na mfuko wangu wa nailoni. Tulipofika katikati ya mteremko jasho lilikuwa linanitoka. Nilijikaza. Mtu amesubiri miezi yote ile kuliona ziwa lake, nimcheleweshe kwa sababu ya tumbo langu?

"Simamisha gari," mama mkwe akasema.

"Mama, tumebakiza kidogo tu," shemeji akajibu.

"Nimesema simamisha. Sisi tunatembea."

Shemeji alinitazama kwenye kioo, akaegesha. Nikashuka nikamfungulia mlango, akashika magongo yake. Tulitembea hatua labda kumi na tano, polepole, mpaka kwenye jiwe kando ya barabara. Tukakaa. Ziwa lilikuwa pale chini, lote. Yeye hakulitazama kwanza. Alinitazama mimi, akanifuta jasho kwa pindo la kanga.

"Siku ile ya kwanza," akasema, "ulijisikia kama mimi kwenye ule mtumbwi wa miwani?"

"Ndiyo, mama."

"Vile vile?"

"Vile vile."

"Na ukapiga magoti ukaniamkia." Akatikisa kichwa. "Nisamehe, mwanangu. Miaka yote mimi nilidhani unadeka."

Nilicheka. "Sasa mama, kama ulidhani nadeka, mbona ulikuwa unatembea na mimi mpaka Mbamba Bay?"

"Nimezaa wanaume sita," akasema. "Hakuna hata mmoja aliyewahi kunidekea. Ukaja wewe. Nilifurahi sana."

Nikafungua mdomo kumjibu.

"Usiongee," akaniambia, akaninyooshea kidole ng'ambo. "Tazama kule."

Nikatazama milima ya ng'ambo huku machozi yananitoka, yeye akalitazama ziwa lake, na shemeji alipopiga honi hatukumwitikia.