Nilionekana na Kitambaa Kwenye Jiwe la Kuchotea

*Barua hii imetufikia kutoka milima ya Usambara. Mwenyewe ameomba jina lake na la kitongoji chake tuyaweke kando, nasi tumefanya hivyo. Msomeni kwa huruma.*

Ndugu Mhariri na wasomaji, wakubwa wote shikamooni. Mimi ni mama wa miaka ishirini na mmoja, nina mume na mtoto mmoja wa kiume ambaye bado ananyonya. Shule niliishia darasa la nne, basi mkiona maneno yamekaa upande mnivumilie. Tunakaa bondeni, chini kidogo ya mji wa Lushoto, na mto tunaotumia ni huo huo unaopita mjini.

Kwetu mto una mpango wake tangu enzi za bibi zetu. Juu, penye jiwe jeusi, ni pa kuchota maji ya kunywa. Chini yake tunafua, na chini kabisa wanakunywa ng'ombe. Ukifua kwenye jiwe unatozwa kuku na kusemwa mpaka uchoke. Mpango huo ulikuwa mzuri wakati huko juu hakukuwa na soko wala gereji.

Masika yaliyopita nilikwenda kuchota nikakuta takataka zimenasa chini ya jiwe. Majani ya kabichi yaliyooza, manyoya ya kuku, kopo la dawa ya nyanya na tambara jeusi lenye mafuta. Nikaweka ndoo chini, nikaanza kuzitoa kwa mikono. Ndipo akatokea bibi mmoja jirani yetu, akanikuta nimeshika lile tambara linachuruzika.

"Wee! Unafua nepi kwenye maji ya kunywa?"

"Shikamoo bibi. Sifui, naokota uchafu."

"Marahaba. Na haya macho yangu nimeazima?"

Nilicheka, nikidhani ananitania. Kumbe hakuwa anatania; habari aliisambaza kitongoji kizima.

Haikupita muda, Neema akaanza kuhara. Huyu alikuwa binti wa rafiki yangu, yule aliyenifundisha kumbeba mtoto mgongoni nilipojifungua na sina mama karibu. Zahanati waliuliza, "Mnakunywa maji ya wapi?" Neema hakurudi na mama yake. Siku ya msiba nilipeleka ndoo ya maji ya kupikia. Mama mmoja akaipokea vizuri tu, akaenda nayo pembeni, akaimwaga. Nikamtazama Mama Neema, naye akanitazama, akageuza uso. Afadhali angenitukana.

Kisha wanawake wakakaa kwa balozi wa nyumba kumi. Wakaamua kwamba jiwe limechafuliwa, sasa maji ya kunywa yachotwe juu zaidi, karibu na daraja la mjini. Mimi nikaambiwa nisikanyage huko.

Mume wangu ni mfagiaji wa soko, anasukuma mkokoteni wa taka. Siku moja nilimpelekea makande, sikumkuta. Nikamfuata kwa njia ya nyuma ya soko, nikamwona juu kidogo ya daraja. Ameinua mkokoteni, anamwaga mtoni.

"Baba, unafanya nini?"

"Shimo la soko limejaa tangu masika. Msimamizi kaniambia tafuta pa kumwaga, mto utachukua."

"Unachukua unapeleka wapi?"

Nikamwonyesha daraja, nikamwambia, "Pale ndipo wanapochota sasa." Akakaa chini kwenye majani. Neema alikuwa akimwita Baba Mkokoteni. Kila alipomwona anarudi kutoka kazini alikuwa anakimbia apandishwe, azungushwe uwanjani.

Jioni hakula. Akaniambia, "Mke wangu, ukisema, watu hawatauliza nani alinituma. Watasema nimemuua mtoto wa jirani." Tangu siku hiyo taka anazoweza anazileta nyumbani, anazifukia kwenye migomba yetu. Lakini migomba yetu ni michache na soko ni kubwa. Zinazobaki najua ziendako, maana hanitazami usoni akirudi.

Mimi sijakata tamaa. Darasa la watoto tulijenga kwa kazi ya pamoja, wanaume wakibeba mawe, wanawake tukichota udongo, tukiimba. Shimo jipya la taka ni kitu gani? Watu wa kitongoji na wa soko tukitoka na majembe tutalimaliza. Ila nikisimama kuomba hilo, la kwanza wataniuliza nimejuaje.

Jana ndiyo imenifanya nishike kalamu. Mama Neema alipita mlangoni, ndoo kichwani, mtoto wake mdogo mgongoni. Akasimama. Akaniita kwa jina la mwanangu, kwa mara ya kwanza tangu msiba.

"Hujambo wewe? Nimeona nisibaki na kinyongo. Lete chombo."

Nikaleta sufuria. Akanimiminia nusu ya ndoo yake.

"Haya ni ya darajani, ni safi. Usimpe tena mtoto maji ya chini."

Nikasema, "Mwenzangu, hata haya yachemshe."

Akacheka kidogo, kicheko ambacho nilikuwa nimekikosa sana. "Maji ya juu ya nini kuchemsha? Na kuni ziko wapi?" Akaenda zake, yule mdogo akinipungia mkono.

Yale maji nimeyafunika, yako pembeni ya jiko. Siwezi kuyanywa na siwezi kuyamwaga. Ndugu zangu, nikisema, mume wangu ataishi vipi hapa? Na nikinyamaza, kesho mwenzangu atakwenda tena darajani na ndoo yake. Nielekezeni jamani, nianzie mlango wa nani?