Gari Lililobeba Mtoto wa Fortunée

Shemeji yangu Fidèle amechelewa mara moja tu maishani mwake, siku ya harusi yake, na hata hiyo ilikuwa kwa sababu ya kazi. Wakati huo alikuwa anaendesha basi la wafanyakazi wa kampuni moja ya migodi hapa Likasi. Mwenzake wa zamu aliugua malaria, naye akaona ni aibu kuwaacha watu wa kiwandani barabarani kwa ajili ya keki. Dada yangu alimsubiri mlangoni mwa kanisa akiwa amenuna, na kwenye picha zote za siku ile amenuna. Tukitaka kumchokoza Fidèle tunazitoa hizo picha.

Kampuni ilipouza mabasi yake, Fidèle alikaa nyumbani miaka kadhaa, akawa mtu wa kuudhi sana. Alirekebisha viti ambavyo havikuwa vimeharibika. Alimfundisha dada yangu kusonga bukari, ugali wetu wa huku, dada yangu aliyemlisha bukari miaka ishirini. Kwa hiyo utafiti ulipokuja kutafuta dereva, sisi wote tulimshukuru Mungu, na dada yangu alishukuru kuliko sisi.

Utafiti wenyewe ulikuwa wa dawa ya watoto wa SS, wale wenye ugonjwa wa damu wa selimundu, ambao baridi kidogo au homa kidogo huwalaza chini wakilia kwa maumivu ya mifupa. Madaktari wa Lubumbashi na wenzao wa ng'ambo walitaka kujua ni kipimo gani cha dawa hiyo kinawafaa watoto wa kwetu. Kila mwezi mtoto aliletwa kwenye kliniki moja mjini Likasi, akatolewa damu kidogo, akapimwa uzito, akapewa vidonge vya mwezi mzima. Mwanzoni waliandikishwa watoto wa mjini peke yao. Walipoulizwa kuhusu wa Kambove, mji wa jirani, msomi mmoja alijibu kwamba mama wa kule ni wazembe, wanaandikisha watoto halafu hawaonekani.

Maneno hayo yaliniudhi na yananiudhi mpaka leo. Mtu anasimama kando ya barabara na mtoto mgonjwa mgongoni, anasubiri taxi-bus ijae. Ikishajaa, inakuta malori ya madini yamefunga njia, na hakuna kinachosogea mpaka jua linashuka. Anafika kliniki, mlinzi anamwambia wamefunga. Akirudia safari hiyo mara mbili mtoto analala kitandani, na sasa yeye ndiye mzembe. Ila namshukuru mmoja kati ya wale wakubwa, simjui jina, ambaye hatimaye alielewa. Ilinunuliwa minibasi nyeupe, na Fidèle akapewa funguo.

Alilishika lile gari kama mali ya kanisa. Kila siku ya kliniki aliondoka Likasi kabla hatujaamka, akaegesha mbele ya parokia ya Kambove, akawakuta mama na watoto wao wamevaa vizuri. Alizijua njia za kupita nyuma ya foleni ya malori. Hakukuwa na mtoto aliyekosa. Yule msomi sikumsikia tena akisema juu ya uzembe.

Kati ya watoto hao alikuwapo Jaël, binti wa Blandine. Blandine anauza samaki wakavu Kambove, na mume wake alifukiwa na udongo kwenye mashimo ya wachimbaji. Huyo mtoto ndiye aliyebaki naye. Kabla ya dawa, Jaël aliumaliza kila msimu wa baridi hospitalini, miguu imevimba, akimwomba mama yake amkande bila kuacha. Baada ya miezi michache ya vidonge alirudi shule. Aliruka kamba na wenzake, Blandine akisimama mlangoni kumtazama huku samaki wakiliwa na paka. Ndani ya gari alikaa mbele karibu na Fidèle, maana nyuma alitapika, na alimsimulia mambo ya shule njia nzima. Fidèle ana wavulana tu. Nyumbani alituchosha na habari za Jaël.

Halafu Divin akafa. Divin alikuwa mtoto wa Fortunée, mdogo kuliko Jaël, wa utafiti huohuo. Aliletwa Likasi na malaria kali, na malaria ndiyo iliyomuua, si dawa. Fidèle alipofika kliniki kwa kazi nyingine, alimkuta Fortunée ameketi chini ukutani, maiti ya mwanawe imefungwa kwenye kitenge mapajani mwake. Wenye teksi walikuwa wamemkatalia mmoja baada ya mwingine, kwani teksi iliyobeba maiti inapoteza wateja. Bei ya gari la mazishi hakuiweza. Alitaka tu kumfikisha mtoto Kambove azikwe na watu wake.

Fidèle hakupiga simu Lubumbashi kuomba ruhusa. Alijua wangekataa. Alimfungulia mlango, akamsaidia kupanda, vijana wa pale wakavunja matawi mabichi wakayafunga mbele ya gari ili wenye malori wajue kuna msiba na watoe njia. Malori yalitoa njia. Kambove walimpokea kwa vilio na kwa baraka, wakamwita mtu wa Mungu, kina mama wakamshika mikono. Alirudi nyumbani usiku ule macho mekundu, akalala bila kula.

Siku ya kliniki iliyofuata aliegesha mbele ya parokia kama kawaida. Mama wote walikuwapo. Watoto walikuwa wamepakwa mafuta na kuvaa viatu. Alifungua mlango, na hakuna aliyepanda.

Alidhani wanamsubiri mtu. Aliita majina, wakatazama chini. Ndipo Blandine akasogea, kwa sababu yeye ndiye aliyemzoea zaidi.

“Papa Fidèle, weye uko muntu muzuri,” alimwambia. “Minye sikatale dawa. Lakini mutoto wangu hawezi kuingia mu gari yenye ilibeba maiti ya mutoto mwenzake, wa ugonjwa ule ule. Unisamehe.”

Fidèle aliwaeleza kwamba amelisafisha gari kwa maji ya dawa, viti, sakafu na vioo. Waliitikia kwa heshima. Akawakumbusha sheria ya utafiti, kwamba mtoto akikosa mara mbili mfululizo anatolewa, na hii itakuwa ya kwanza. Waliitikia tena. Jaël alikuwa tayari ameshika kitasa cha mlango wa mbele, mama yake akamvuta polepole kwa mkono. Gari lilirudi Likasi na dereva peke yake.

Nisikilizwe vizuri hapa. Asije mtu kuniambia wale mama walikuwa wajinga. Mimi nimesoma, najua maiti haimwambukizi mtu SS, na nilijiuliza kama ningempandisha mwanangu. Ningempandisha wa jirani. Unapokuwa na mtoto mmoja anayeweza kufa wakati wowote, huchezi na kitu chochote ambacho kifo kimekikalia. Hilo linaeleweka hata kwa daktari, kama daktari huyo amezaliwa na mama.

Fidèle aliutumia mwezi wote kulisafisha gari machoni pa watu. Aling'oa viti akaviwekea vitambaa vipya. Alimleta abbé, padri wa Kambove, likabarikiwa mbele ya parokia, maji yakamwagwa mpaka kwenye injini. Watu walitazama, wakasema amina, wakaenda zao. Aliyebadilisha mambo ni Fortunée. Akiwa bado na nguo za msiba, alikwenda na Fidèle nyumba kwa nyumba, akaketi kwa kila mama, akasema neno lile lile. Kwa Blandine alisema hivi:

“Divin hakufa mu gari. Alikufa ku kitanda. Ile gari njo ilimuleta ku nyumba wakati bantu bote walikatala. Ukiitupa, unanitupa na minye.”

Blandine alilia, akasema Jaël atapanda. Wengine wakakubali mmoja mmoja. Fidèle aliporudi na habari hiyo, aliimba bafuni, naye hajui kuimba, na tulimwacha aimbe.

Kosa lake, kama unaweza kuliita kosa, lilikuwa limeshafanyika. Ofisi ya Lubumbashi ilikuwa imemwuliza kwa simu kwa nini gari lilirudi tupu, naye akawaambia ukweli wote: maiti, matawi, mama waliokataa, na jinsi anavyowarudisha. Aliamini kwamba wakielewa watamsaidia. Dada yangu alimwambia angesema gurudumu lilipasuka. Fidèle alimjibu kwamba ugonjwa huu unatibiwa na watu wanaoandika kila kitu kama kilivyo, naye hawezi kuwa wa kwanza kuwadanganya.

Walielewa kwa namna yao. Jioni ya kuamkia siku ya kliniki alikuja kijana na gari la ofisi, mpole, akamwomba funguo. Alisema gari la utafiti lilitumiwa kinyume cha utaratibu, tena watu wa Kambove wameonyesha kwamba hawaitaki huduma, kwa hiyo linapelekwa mji mwingine ambako wanalisubiri. Fidèle alijitahidi kumweleza kwamba wameshakubali, kwamba kesho asubuhi watakuwa mbele ya parokia. Kijana alisema atafikisha ujumbe. Lile gari halikulala tena uani kwetu.

Alfajiri Fidèle alichukua baiskeli ya mwanawe akaenda Kambove. Ilikuwa Julai, na wanaojua Katanga wanajua baridi ya Julai. Mama walikuwapo wote, watoto wamefungwa mablanketi, wakitazama barabara ambako gari hutokea. Walipomwona na baiskeli walielewa kabla hajasema. Hakuna aliyemlaumu. Wengi waligeuka wakarudi nyumbani na watoto wao, wakitembea polepole kwa sababu wale watoto hawatembei haraka.

Blandine hakugeuka. Taxi-bus hazikuwa zinatoka asubuhi ile, malori mawili yalikuwa yamegongana na njia imefungwa kabisa. Hii ilikuwa mara ya pili kwa Jaël, na kliniki ingefungwa jioni.

“Nilikubali,” alisema. “Papa Fidèle, minye nilikubali.”

Fidèle akamwambia baiskeli itapita mahali gari halipiti. Blandine alijua upepo wa barabarani unamfanya nini mtoto wa SS. Alijua pia kukaa bila vidonge kutamfanya nini. Alimvalisha Jaël kila nguo aliyokuwa nayo, akamfunga kwenye keria kwa kitenge chake, akasema atawafuata kwa miguu mpaka apate usafiri. Sijui mama mwingine angechagua nini, na sitaki kuulizwa.

Walipita kati ya malori, kwenye vumbi na moshi. Mwanzoni Jaël alisimulia mambo ya shule. Kabla ya nusu ya njia alisema miguu inaanza. Fidèle alisimama, akamkanda, akampa maji, akamvika koti lake mwenyewe, akaendelea kwa kusukuma kwa sababu kila mtikisiko ulimfanya mtoto apige kelele. Anasema hajawahi kuona barabara ndefu vile, na barabara hiyo ameipita mara nyingi kuliko mtu yeyote ninayemjua.

Waliingia kliniki kabla haijafungwa. Muuguzi wa utafiti, Angèle, alitoka mbio akampokea Jaël mikononi. Halafu akaanza kulia, na muuguzi akilia ujue mambo yamekwisha. Asubuhi ile ile Lubumbashi walikuwa wamefuta majina ya watoto wote wa Kambove kwenye kompyuta ya utafiti. Kopo la vidonge la Jaël lilikuwa bado kabatini, Fidèle aliliona kwa macho yake, jina lake limeandikwa juu. Angèle alisema haruhusiwi kulifungua, kila kopo linahesabiwa, litarudishwa kwenye sanduku. Alimpeleka mtoto kwenye wodi ya kawaida, akamtundikia maji na kumpa dawa ya maumivu, kama mtoto mwingine yeyote wa Likasi aliyeletwa na baridi.

Mimi na dada yangu tulifika na chakula jioni. Blandine naye alikuwa ameingia, viatu mkononi, miguu imejaa vumbi jekundu. Angèle alikuwa ameshamweleza. Aliketi kwenye ukingo wa kitanda akaanza kumkanda Jaël, kuanzia magotini kushuka. Jaël alikuwa anauma blanketi. Fidèle alisimama ukutani, hajui mikono yake aiweke wapi. Nilimwonea huruma na nilimkasirikia, vyote pamoja, na sikujua hasira hiyo niipeleke kwa nani.

Blandine aliuliza, bila kugeuka.

“Papa Fidèle. Kama ningemupandisha mu gari ile siku ya kwanza, leo angekuwa na dawa?”

Hakuna mtu katika chumba kile ambaye hakujua jibu. Gari lisingerudi tupu, ofisi isingeuliza, na lile kopo lingekuwa limefunguliwa mchana. Nilimtazama shemeji yangu, mtu aliyeshindwa kusema gurudumu limepasuka.

“Hapana, Mama Jaël,” alisema. “Bangeikamata tu ile gari. Ilikuwa imeisha zamani.”

Blandine aligeuka akamshukuru. Kisha akarudi kwenye miguu ya mwanawe. Hakumwamini.