Jiko Linalobakisha Makaa

Jiko la kuni la mama yangu lilijengwa kwa udongo kabla ya vita, kwenye banda la kupikia nyuma ya nyumba yetu, hapa Kindu. Lilikuwa pana, lenye mdomo mkubwa, ila halikuwa na njia ya kutolea moshi. Moshi ulijitafutia njia wenyewe: kwenye bati, machoni, kifuani.

Lilipopasuka ubavuni, kikohozi cha mama kilikuwa kimeshakuwa kibaya. Muuguzi alimwambia wazi kwamba moshi usipopungua, kifua hakitapona. Basi nikapewa kazi ya kuchagua jiko jingine.

Kama na wewe unatafuta, nikueleze nilivyofikiri. Mbabula, lile jiko la mkaa, haina moshi mwingi, lakini mama hupika sombe, yaani kisamvu, na sombe hutaka moto wa muda mrefu. Mkaa ungekwisha upesi. Mafiga hayana gharama, ila moshi ni uleule. Nikaenda sokoni kwa mafundi wanaokata mapipa ya zamani, nikachagua jiko la chuma lenye kamlango kadogo. Vijiti vichache tu, sufuria inachemka. Nililibeba hadi nyumbani kwa furaha.

Siku chache baadaye nilimkuta mama ameinama tena kwenye lile lililopasuka, anakohoa.

"Mama, na jiko jipya?"

"Iko muzuri," akasema. "Lakini iko na choyo. Inakula kuni yote, haibakishi hata kaa moja. Mama wa ng'ambo ya barabara atakamata moto wapi?"

"Si ana kiberiti?"

"Kiberiti! Kwani anakujaka sababu ya kukosa kiberiti?"

Hapo nikakumbuka. Wakati wa vita, reli ilipokatika na mitumbwi ya bidhaa kutoka Lokandu haikufika tena, viberiti viliisha mtaani. Mama aliufunika moto wake kwa majivu kila jioni, na alfajiri majirani walikuja na vigae vya vyungu kuomba makaa. Kwa njia hiyo alijua nani ameamka salama. Asiyekuja, mama alimfuata mlangoni. Ndivyo alivyomkuta mama wa ng'ambo siku moja, amelala na homa, hawezi hata kuita. Alimtunza mpaka akainuka. Sisi tulipoishiwa chumvi, yeye ndiye aliyetugawia yake, kidogo kidogo, ndani ya jani. Sasa ni mjane, anaishi peke yake, na bado anakuja na kigae kila asubuhi.

Nilikuwa nimepima kuni, makaa sikuyapima.

Tukaanza upya, na safari hii mama alichagua. Jiko la chuma tuliliacha kwa chai. Tulilibomoa lile la zamani, tukalitwanga, tukalichanganya na udongo wa kichuguu. Ukitaka kujenga la kwako, usitupe udongo wa zamani: ukishaungua mara moja haunywei tena, na unasaidia ule mpya usipasuke. Mdomo tuliufanya mwembamba kuliko wa kwanza, lakini nyuma tukaacha shimo la kulaza makaa. Juu tukapitisha bomba la bati hadi nje ya paa. Kisha tukalisubiri likauke polepole kivulini, na hapo ndipo watu wengi huharibu kwa haraka.

Asubuhi ya moto wa kwanza, mama wa ng'ambo alibisha.

"Hodi! Moto iko?"

"Iko. Umelala muzuri?"

"Nimelala muzuri. Na kifua?"

"Inatulia. Ingia."

Aliingia, akatazama huku na huku lile banda lisilo na moshi, kisha akamkazia mama macho.

"Eh! Kumbe umezeeka hivi?"

"Na wewe je? Ile moshi ndio ilikuwa inakuficha!"

Walicheka mpaka mama akashika kifua, nami nikashtuka, lakini hakukohoa. Mgeni wetu aliweka kigae chini, akavuta kigoda. Zamani moshi ulimfukuza mapema. Siku hiyo alikaa mpaka sombe ikaiva, nami nikawaongezea kuni.