Mbwa Aliyeogopa Mtu Anayeinama

Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyenibakishia mguu wa kusimamia na ulimi wa kusimulia, na rehema zimshukie Mtume wake. Ndugu zangu, habari hii nimeieleza mara nyingi barazani. Wengine walicheka, wengine waliniuliza maswali. Sasa naiandika, kwa sababu najua yuko mtu mahali fulani ana mgonjwa ambaye amekwisha kumkatia tamaa, awe binadamu au mnyama.

Mimi ni mwalimu wa madrasa, mkazi wa Mtunda, na umri wangu umepita miaka sabini. Kabla ya haya nilikuwa mtu mwenye afya. Kila msimu mimi na mke wangu tunahamia bondeni na kukaa kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo, tukilinda mpunga usiliwe na nguruwe pori. Mbwa sikuwa naye. Tangu utotoni, kwangu mbwa alikuwa kitu cha kutupiwa jiwe, asije akanigusa na kunitia najisi kabla ya swala. Hatukuona ubaya. Ndivyo tulivyokua.

Mwaka ule wachoma mkaa walihama msitu wa jirani wakamwacha mbwa wao amefungwa mtini kwa waya. Nilimsikia akilia siku mbili. Siku ya tatu sauti ilikuwa ndogo, nikaenda. Waya ulikuwa umezama shingoni, nyama imevimba juu yake, na funza wanatembea. Mbavu zote zilionekana. Aliponiona akakojoa palepale kwa hofu. Niliogopa kumgusa, lakini niliogopa zaidi kuja kuulizwa kwa nini nilimpita. Nikajiviringisha viroba mikononi, nikakata waya kwa koleo, nikamtia katika kiroba kingine na kumpakia nyuma ya baiskeli.

Mke wangu, Mama Zuberi, alikuwa anapepeta mchele.

"Maalim, umebeba nini?"

"Mgonjwa."

Kiroba kikabweka.

"Subhanallah! Mwalimu wa madrasa na mbwa! Wanafunzi wako wakikuona je?"

"Dini imeruhusu mbwa wa kulinda shamba, Mama Zuberi."

"Huyu ndiye wa kulinda? Huyu wa kulindwa!"

Tulimfunga kamba chini ya mti, mbali kidogo na dungu, tukampa sufuria yake peke yake. Bwana mifugo alikuja, akamsafisha kidonda na kumchoma sindano. Kila nikimpelekea chakula nilikuwa nasema, "Taratibu, taratibu," hadi likawa jina lake. Shingo ikapona, mbavu zikajificha. Lakini mwili ulivyozidi kupona, ndivyo akili ilivyozidi kuharibika. Alitetemeka kwa kishindo cha jembe. Aliguguna kamba. Siku nyingine alikula vizuri mbele yangu, kisha ghafla akanirukia meno nje bila mimi kujua nimemkosea nini.

Alasiri moja wakati wa palizi nilitandika mkeka kuswali, nikidhani kamba haimfikishi. Nilisimama nikasoma, alikuwa kimya. Nilipoinama kurukuu tu, nikasikia kishindo. Kamba ilikatika. Aliniuma nyuma ya mguu wa kulia, akatikisa kichwa kama anayepasua nguo. Nyama ya shavu la mguu ikafunguka. Damu ikajaa kwenye mkeka. Mama Zuberi alimfukuza kwa mchi.

Hapa nakiri kosa langu. Badala ya kufikiria kidonda, nilifikiria najisi. Niliosha mguu mara saba, na mara moja kwa udongo, kama tunavyotoharisha chombo kilichorambwa na mbwa. Udongo wenyewe niliuchota pale pale shambani, nikausugua katika nyama mbichi. Dini haikunituma kufanya hivyo. Haraka yangu ndiyo iliyonituma.

Kwenye kituo cha afya muuguzi alinitazama mguu, akanitazama usoni.

"Babu, umeosha?"

"Mara saba, mwanangu."

"Kwa sabuni?"

"Kwa maji, na mara moja kwa udongo."

"Udongo! Babu, udongo ndani ya kidonda? Unataka pepopunda ije ikuchukue kabla ya kichaa cha mbwa?"

Aliniosha upya kwa sabuni na maji yanayotiririka, muda mrefu, nami nikiuma kilemba. Nikachomwa sindano ya pepopunda, nikaanzishiwa sindano za kuzuia kichaa cha mbwa, nikapangiwa siku za kurudi. Nilirudi zote. Udongo hata hivyo ulikuwa umeshafanya kazi yake. Mguu ulivimba hadi goti, ukawa mwekundu na moto. Usaha ulitoka wenye harufu ambayo mwenyewe niliikimbia. Homa ilinipanda, meno yakagongana mchana wa jua kali. Niliswali nimelala, kwa kuashiria kichwa. Baada ya kupona nilimweleza shekhe wetu habari ya udongo. Alitikisa kichwa, akasema dini imempa mwenye kidonda njia nyepesi ya kujitoharisha, ningeuliza kwanza.

Mwenyekiti wa kitongoji, ambaye nilimsomesha juzuu yake ya kwanza, alikuja kunijulia hali.

"Maalim, mbwa huyu tumuue leo."

"Bwana mifugo amesema afungwe, aangaliwe siku kumi. Akiwa na kichaa atakufa mwenyewe."

"Na asipokufa?"

"Basi niachie nimtibu."

"Umtibu nini? Mwenyewe hujatibiwa!"

Siku kumi zilipita, na Taratibu hakufa wala hakuonyesha dalili. Akachanjwa. Mwenyekiti akaja tena, akatoa neno lake mbele ya majirani: "Kwa heshima ya mwalimu wangu, nampa hadi mavuno. Watu wakija kuvuna hapa, yeye awe ameshapona. Akigusa mtu mmoja tu, siku hiyohiyo namzika."

Nililala juu ya dungu majuma mengi, mguu umeinuliwa juu ya gunia. Sikuwa na kazi ila kumwangalia mbwa. Na mwenye kuangalia sana huona. Jirani alipita na panga, mbwa akanguruma tu. Jirani huyohuyo aliinama kurudishia kamba ya kandambili yake iliyochomoka, mbwa akawa kama mwehu, povu mdomoni. Mama Zuberi alipita na ndoo kichwani, mbwa kimya. Akainama kupuliza moto, ghasia.

Nikamwita. "Umeona?"

Akasimama, mikono kiunoni. Akainama polepole. Mbwa akaruka hadi kamba ikamwangusha. Akainuka, mbwa akatulia.

"Maalim," akasema, "sisi sote tukiinama mbele ya mbwa, huwa tunaokota nini?"

Nililia, si kwa mguu. Nilikumbuka mawe yangu yote ya miaka sitini. Mnyama yule aliniona nimeinama kwa Mola wangu, akadhani naokota jiwe.

Tukaanza matibabu. Nilishuka kwa mkongojo, nikasimama mbali, nikainama kidogo sana, nikarusha kichwa cha kambale mkavu. Akabweka, akala. Kesho tena. Siku saba hatukuongeza kitu, ni kuinama kidogo na samaki. Kisha nikainama zaidi. Kisha nikasogea hatua moja. Akinguruma, narudi nyuma hatua mbili, sikasiriki. Mama Zuberi naye alifanya hivyohivyo, ingawa alilalamika.

"Samaki wote wanakwenda kwa mbwa. Mimi mke wa ndoa nakula mchicha."

"Nawe niinamie basi."

"Toka hapo, mzee mzima!"

Hatukwenda moja kwa moja. Siku moja nilikohoa, mkongojo ukaanguka, nikainama kuufuata bila samaki. Alinichana kanzu kuanzia mfukoni hadi pindo. Mama Zuberi akasema basi, mwite Mwenyekiti. Nikamwomba juma moja. Tukarudi mwanzo kabisa, mbali kabisa, kuinama kidogo kabisa. Kidonda changu kilikuwa kinaziba kutoka ndani, kidogo kidogo, na muuguzi alikuwa ameniambia kikizibwa juu kwa haraka kitaoza chini. Nikaona mbwa naye ni vilevile.

Mpunga ulipogeuka rangi ya dhahabu, nilikuwa nainama mbele yake kutoka hatua tatu, naye mkia chini unatikisika. Nikarudi kuswali mkekani, yeye amefungwa upande wake. Rukuu ya kwanza mgongo wangu wote ulitoka jasho. Hakubweka. Alilala, kidevu juu ya mikono yake, akaniangalia hadi nikatoa salamu.

Siku ya mavuno walikuja watu kumi na watano, maana kwetu tunaalikana kuvuna. Mwenyekiti alikuja na fimbo nene. "Mfungue," akasema. "Ndivyo tulivyoagana." Nikafungua fundo. Nilisoma dua zote ninazozijua.

Wavunaji wakaingia shambani na visu vyao. Wakainama. Watu kumi na watano, kwa pamoja, mbele ya mbwa mmoja.

Taratibu alisimama, masikio yamelala. Akatazama mgongo huu, akatazama ule. Kisha akaenda mbio kwa mama wa kwanza. Mwenyekiti akainua fimbo. Mbwa akakaa kitako mbele ya yule mama, akafungua mdomo, akangoja. Alipoona hapati kitu akahamia kwa wa pili, akakaa. Kisha wa tatu.

"Maalim!" mmoja akapiga kelele. "Mbwa wako ana nini, anatukagua?"

"Anangoja samaki," nikasema.

Shamba zima likacheka. Mwenyekiti akatupa fimbo kichakani. Akainama yeye mwenyewe, na Taratibu akaenda kukaa mbele yake pia. "Mama Zuberi," akaita, "hakuna hata kichwa cha kambale nisiaibike hapa?"

Alhamdulillahi. Leo natembea bila mkongojo, na nguruwe pori wamelisahau shamba letu. Wewe uliyeumwa na mbwa, osha kwa sabuni na maji mengi, acha udongo na majani, kimbilia hospitali, na usikose sindano hata moja. Nawe mwenye mnyama anayeuma, kabla hujachukua fimbo, kaa umtazame siku nyingi ujue anaogopa nini. Huenda akawa anakuogopa wewe. Nami, niliyefundisha watoto huruma kwa miaka arobaini, nimeisoma upya kwa mbwa, na namwomba Mola anisamehe mawe yale.