Mwiko Juu ya Injini

Pikapu ya baba ilikuwa kuukuu kiasi kwamba saa yake ya kilomita ilikwishazunguka ikarudi sufuri, ikaanza upya, kisha ikachoka ikasimama. Utotoni nilidhani gari ikifika sufuri huzaliwa tena. Nilikuwa nikilala kwenye bodi yake, juu ya magunia ya mwani tuliyoyachukua Paje, nikitazama mawingu yakirudi nyuma huku injini ikinguruma chini ya mgongo wangu, na mpaka leo nikitaka usingizi huikumbuka ile sauti.

Mwaka wa harusi ya mdogo wangu, pikapu ilianza kuumwa kila mahali kwa pamoja. Ukiiwasha asubuhi inapiga yowe. Ikipanda kilima maji yanachemka, na joto likizidi bodi nzima inanuka mwani, ile bahari yote iliyokauka ndani ya mbao. Betri inalala bila sababu. Na kila ikiondoka, kitu fulani chini kinagonga mara moja tu, ko, kama mtu anayebisha hodi halafu akaghairi.

Vyombo vya bibi harusi vilitakiwa vifike Chwaka, nyumbani kwa mume, siku ya Alhamisi. Kitanda, kabati, godoro, masufuria, mbuzi ya kukunia nazi, na tenga lililojaa vitu vya jikoni. Mama alisema mjomba ameshaulizia lori, na baada ya harusi pikapu ikatwe iuzwe vyuma chakavu. Baba alikunywa chai yake mpaka ikaisha. Kisha akasema kwamba vyombo vya mabinti wa watu amevibeba yeye, mtaa mzima unajua, na vya binti yake hatavitazama vikipita juu ya gari ya mtu mwingine.

Mama alinivuta jikoni. "Gari itatengenezeka," aliniambia. "Yeye hasikii honi. Juzi lori limempigia mpaka watu wakatoka madukani, yeye yumo katikati ya njia anakwenda zake." Aliyasema kwa kunong'ona, ingawa hakukuwa na haja.

Kwa sababu baba alikuwa anapoteza masikio. Mtu ambaye zamani akiwa ndani anavua viatu aliweza kukwambia gari ya nani inapita nje na gurudumu gani limelegea, sasa ilibidi umguse bega ndipo ageuke. Alisema dunia imejaa pamba. Kitu pekee anachokisikia vizuri, alisema, ni mdomo wake mwenyewe ukitafuna. Mkate wa ajemi ukivunjika kinywani mwake ni kama mtu anavunja mlango.

Basi nikawa masikio yake. Kila baada ya sala ya alasiri nilitoka kwenye chumba changu cha Mji Mkongwe, ambako nilikuwa nikiandika riwaya isiyotaka kuisha, nikatembea mpaka Amani, kwenye kiwanja cha nyumba yetu. Baba ameshafungua boneti. Jua limeinama, vumbi linaelea, na mimi nasimama pembeni mwa injini nikiwa nimefumba macho.

"Inaliaje?" aliniuliza siku ya kwanza.

Nilimwambia, kwa sauti ya juu karibu na sikio lake la afadhali, kwamba inalia kama njiwa aliyefungiwa darini.

Baba alinitazama kwa huruma. "Njiwa mimi nshamsikia, mwanangu. Nambie inalia wapi, na inalia ukikanyaga mafuta au ukiachia."

Nikajifunza kuacha njiwa. Nikajifunza kuiga. Niliinama sikioni mwake nikatoa mlio wenyewe, kwanza mwembamba, halafu mkavu, halafu ule wa kukwaruza ulio chini ya mingine yote, naye akitikisa kichwa taratibu, macho yako mbali. Jirani alichungulia juu ya ukuta akauliza kama tumenunua mbuzi wa harusi mapema.

Ule mlio wa ko baba aliupata bila mimi. Alivua ndala, akaketi kwenye usukani, akaniambia nitazame tu. Akaiachia klachi mara mbili, nyayo zake juu ya bati. "Maungio ya propela, hii fimbo inayozungusha magurudumu," alisema. "Yamelegea ya nyuma." Rafiki yake fundi, ambaye gereji yake iko mtaa wa pili, aliingia chini akayakuta yamelegea ya nyuma, akayabadilisha.

Lakini yowe na maji na betri vilikataa. Fundi alikuwa ameshaweka mkanda mpya wa feni, ameshazibua rejeta, ameshaichaji betri. Siku moja kila kitu kinakaa sawa, siku ya pili vinarudi vyote vitatu, kama wageni waliosahau mwavuli.

"Yakhe," fundi alimpigia kelele baba sikioni, "hii mzee mwenzio. Haitaki spana, inataka kiinua mgongo."

Baba alicheka, lakini jioni ile nilimwona amekaa peke yake kwenye bodi, kiganja kimelala juu ya bati.

Jumanne alinitaka nivue mkanda wa feni. Tukaiwasha injini bila mkanda, kitambo kidogo tu isipate joto. Nikasikiliza. Yowe hakuna. Mkwaruzo hakuna. Nikamwashiria kwa mkono: kimya. Uso wake ukafunguka. Ugonjwa, alisema, uko kwenye vitu vinavyozungushwa na mkanda ule: altaneta inayoichaji betri, au pampu inayosukuma maji. Tukaurudisha mkanda. Akachukua bisibisi ndefu, akaigusisha ncha kwenye chuma na mpini akaubana sikioni, kama mafundi wa zamani wanavyofanya. Akasikiliza sana. Akaishusha.

"Pamba," alisema.

Yeye akaigeuza bisibisi, akaitazama, akautia mpini kati ya meno.

Mama alikuwa mlangoni na sinia ya chai. Alimwona mumewe kaiinamia injini inayounguruma, kang'ata bisibisi yenye grisi, macho yametoka. Alitua sinia chini. Alikwenda ndani, na kupitia mlangoni nilimwona akifungua tenga la bibi harusi, lile alilolifunga mwenyewe kwa kamba na ambalo hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. Akarudi na mwiko mpya wa pilau, mrefu kama mkono, mti mweupe bado unanukia.

"Usije ukafika kwa wakwe huna meno," alisema. Nami akaniambia niuvute mtandio wangu nyuma, feni isije ikaula.

Baba aliung'ata mwiko kwenye mpini, akaugusisha upande wa pili kwenye altaneta. Akatulia. Akauhamisha kwenye pampu.

Sijui niliseme vipi nililoliona. Alifumba macho, mabega yakashuka. Alikaa vile muda mrefu kuliko ugonjwa wowote unavyohitaji, na nikafahamu kwamba pampu alikwishaipata tangu mwanzo. Sasa alikuwa anasikiliza tu. Aliutembeza mwiko polepole juu ya injini nzima, hapa na pale. Chai ilipoa. Mama hakumharakisha.

Pampu ilipofunguliwa, shafti yake ilicheza kwenye vidole vya fundi. Beringi imekwisha. Pampu ikiyumba, mkanda unalegea; mkanda ukilegea unapiga yowe, altaneta haizunguki sawasawa, betri inakufa njaa, maji yanasimama yanachemka. Yalikuwa maradhi mamoja yanayosema kwa midomo mitatu. Tulipata pampu iliyotumika lakini nzima, na Jumatano jioni pikapu iliwaka kwa sauti niliyokuwa nikilalia utotoni.

Alhamisi tulipakia. Kitanda kilisimama juu ya bodi, godoro limefunikwa kanga mpya, na akina shangazi walipanda gari iliyokuwa nyuma yetu, vigelegele tayari. Mama alikaa katikati ya kiti chetu cha mbele, mikono mapajani. Baba alishika mlango wa dereva. Akausikiliza mtaa kwa macho: bodaboda, watoto, gari la mchanga likipita. Kisha akazunguka mbele, akiipitishia boneti kiganja, akaja upande niliosimama mimi.

"Endesha wewe," alisema. "Mimi ntakusikilizia."

Alipanda, akauchomoa mwiko ndani ya koti, ncha akaiegemeza kwenye deshibodi, mpini akaung'ata. Mama alitazama nje ya kioo cha mbele, lakini bega lake lililegea likaligusa la baba. Nikatia gia.

Njia nzima ya Chwaka alikuwa vile. Tulipopita Dunga, chini ya kivuli kile kirefu cha miti, aliinua kidole: punguza. Nikapunguza. Ndipo nikajua nilikuwa nimeanza kukimbia bila kutambua. Akina shangazi walikuwa wanaimba nyuma, naye hawasikii. Alikuwa amefumba macho, na ute kidogo umemwagika ndevuni.

Chwaka wanawake wa upande wa mume walitupokea wakalifungua tenga, wakaanza kuvitoa vyombo kimoja kimoja. Baba aliteremka mwisho. Alipangusa mwiko kwa pindo la kanzu, akauchomeka katikati ya masufuria, akarudi kusimama kando ya gari, mkono juu ya boneti iliyokuwa bado ina joto.

Mdogo wangu aliuona baadaye, alipopika pilau yake ya kwanza. Alinipigia simu kuuliza nani ameung'ata mwiko wake.