Masharubu ya Kiden

Saa moja asubuhi, Kator, Juba. Janepher Namutebi amechuchumaa mbele ya kibao cha bati, akifuta masharubu ya mtu aliyemchora mwenyewe juzi. Madereva wa bodaboda wanaangua kicheko. Naye anacheka, ingawa moyo haujatulia: mwenye sura halisi anasafiri kesho.

Namutebi, mzaliwa wa Masaka, alikuja Juba mwaka wa uhuru wa Sudan Kusini, 2011, mji ulipotaka vibao kila kona. Vita vya Julai mwaka huu, 2016, vikafunga maduka mengi. Wenzake walipanda mabasi ya Kampala. Yeye akabaki, mkaidi wa kutupwa.

Ndipo vijana wa stendi ya bodaboda, Waganda wenzake, walipomletea kazi: kibao cha "Kwa Kiden", jina la stendi yao. Kiden ni nani? Hakuna aliyejua. Abdiqafar, mwenye duka la jirani, alikuwa amesikia tu kwamba zamani palipita kijito hapo, kabla hakijafukiwa kwa kifusi, na Kiden alivusha watu mgongoni wakati wa mvua.

"Mimi nikasema, kubeba watu kwa mugongo? Hiyo ni mwanaume tu!" Namutebi anasimulia. Akachora pande la mtu, masharubu hadi mashavuni.

Kumbe kwa Wabari, wenyeji wa Juba, Kiden ni jina la kike. Mama mmoja wa sokoni alipoona kibao alicheka hadi akaketi chini. "Kiden yuko Gurei, mzima! Lakini watoto wanampeleka Uganda, sababu ya vita."

Bodaboda ikatumwa mbio hadi Gurei, pembezoni mwa mji. Sasa bibi mwembamba, Kiden mwenyewe, anashuka na kukikodolea kibao macho.

"Ya binti, mimi acha kwanza," anasema. "Chora maji. Bila maji, watu watauliza huyu mama amesimama hapa anafanya nini."

Namutebi anatii. Anavuta buluu ukingo hadi ukingo, kisha mwanamke, sketi imefungwa juu ya magoti, mtoto mgongoni. Bibi anatazama, machozi yanamlengalenga.

"De ana," ananong'ona kwa Kiarabu cha Juba. Huyu ni mimi.

Anapanda bodaboda kurudi Gurei. Pikipiki inapopita pale palipokuwa na kijito, mikono yake inakusanya sketi na kuiinua.

Namutebi ameiona ile mikono. Kwa rangi iliyobaki, anasema, atachora kijito chote kwenye kuta za mtaa, kila mwenye ukuta akikubali.

"Mimi iko hapa tu," anasema. "Mupaka mama arudi, aniambie maji nimekosea wapi."